Nukta Tatu za Kijiji cha Bibi

Juzi mjukuu wangu alifungua atlasi yake ya shule penye ramani iliyojaa nukta, nami nikausikia tena wembe ukikwaruza karatasi.

Baba alikuwa mchora ramani wa serikali pale Mtwara. Mchana mmoja, nikiwa mtoto, alinikalisha kando ya meza yake, chumba kizima kikinuka wino. Nukta nyeusi zilitapakaa kwenye karatasi kutoka mjini hadi mto Ruvuma.

"Kila nukta ni watu mia," aliniambia. "Hizi tatu ni kijiji cha bibi yako."

Kisha akachukua wembe, akazikwangua moja moja, taratibu, akapuliza vumbi la wino. Nilimuuliza kwa nini.

"Ni kazi tu, mwanangu," alisema bila kunitazama.

Siku tatu baadaye mama alinichukua kwenda kumsalimia bibi. Kijiji kilinuka mabibo yaliyoanza kuchacha chini ya mikorosho. Milango ilikuwa wazi. Ndani ya kinu cha bibi mlikuwa na mihogo iliyotwangwa nusu. Mama alipiga hodi nyumba hadi nyumba, sauti ikizidi kupungua. Mimi niliamini baba amewapuliza wote.

Kumbe walikuwa wamehamishwa kwa malori hadi kijiji kipya kando ya barabara. Huko ndiko tulikomkuta bibi jioni ile, ameketi juu ya mkeka wake uliokunjwa.

"Wenye malori walikuja jana," alimwambia mama. "Hakuna aliyeambiwa mapema."

Mimi nilikuwa nimeambiwa.