Kengele Haina Mkwe

Naikumbuka siku ambayo baba yangu alirushwa kwenye kioo cha gari kwa sababu waliokuwa naye ndani ya gari walimheshimu mno. Mwanangu Tluway, kaa hapo, weka hiyo simu chini, unisikilize. Jina ulilonalo ni lake, na Jumapili umelitia aibu.

Usijifanye hujui. Ulipokuja kumchukua mjomba wako kumpeleka kanisani, mimi nilikuwa kiti cha nyuma, na macho bado ninayo. Gari lilipoanza kulia ting, ting, ting kwa sababu mzee hajafunga mkanda, hukumwambia neno. Ulitoa kile kichuma mnachouziwa kwenye maduka ya spea hapa Karatu, ukakichomeka mahali pa mkanda, gari likanyamaza. Mjomba wako akacheka, nawe ukacheka. Mimi sikucheka. Hasira imenikaa kifuani tangu siku hiyo, na leo naitoa yote.

Wageni unaowapeleka kreta kutazama wanyama unawafunga mmoja mmoja, na unavuta mkanda uone kama umeshika. Mzee wa ukoo wako ndiye unayemwacha akiyumba kama kibuyu. Eti ni heshima. Heshima hiyo naijua, mwanangu. Ilimuua babu yako.

Ilikuwa ile miaka ya themanini, tukipanga foleni ya sabuni na sukari, na gari likipita watu wanasimama kulitazama. Baba yako alikuwa dereva wa mzungu mmoja mtafiti wa wanyama, tukiishi kule juu, ukingoni mwa kreta. Gari la yule mzungu lilikuja kwa meli kutoka kwao, na lilikuwa na jambo ambalo sisi hatukuwa tumewahi kuliona. Ukikaa mbele bila mkanda, lilipiga kelele kama nyigu aliyefungiwa kwenye debe. Madereva wenzake walimtania baba yako, wakamwita Mtoto wa Mbeleko. Yeye alifunga tu, maana mwenye gari alikwisha kumwambia, usipofunga, shuka.

Basi babu yako akaja kututembelea, mara ya kwanza tangu niolewe. Unajua mambo yanavyokuwa mkwe anapofika kwa mara ya kwanza. Hapingwi. Akisema maziwa ni meusi, mnakunywa hayo meusi na kushukuru. Akiondoka na kinyongo, ndoa imeingia ufa. Alikaa kwetu vizuri, na asubuhi ya kumrudisha Karatu mzungu akatuazima gari. Babu yako akapandishwa mbele na blanketi lake na fimbo yake. Mimi na shangazi yangu tukakaa nyuma.

Nyigu akaanza.

"Mzee," baba yako akasema, akitazama usukani badala ya kumtazama mkwewe, "hapo pembeni kuna mkanda wa kufunga."

"Fabiano, anayefungwa ni mwizi, na ndama anayezuiwa asinyonye. Mimi ni yupi kati ya hao?"

"Si yeyote, mzee."

"Basi nyamazisha hicho kidudu."

Baba yako akamwomba ainame mbele kidogo, akaupitisha mkanda nyuma ya mgongo wake, akauchomeka. Nyigu akanyamaza. Babu yako akajiegemeza, akasema sasa gari lina adabu.

Mimi nilisema, na hilo naomba lijulikane. Nilisema, "Baba, funga tu, hata mkweo amefunga." Sikufika mbali. Shangazi alinifinya paja mpaka nikaruka. "Umeolewa juzi, leo unataka kumfunga baba yako?" Wakacheka wote watatu.

Hatukuwa tunakimbia. Nalisema hili kwa ajili yako na wenzako mnaosema mkanda ni wa safari ndefu na wa watu wa mbio. Tulikuwa tunateremka msituni kuelekea lango la hifadhi pale Lodoare, ukungu umetanda, ule udongo mwekundu umelowa, mwendo wa punda mwenye mimba. Nyati akatokea kwenye ukungu, akasimama katikati ya barabara. Baba yako akakanyaga breki, gari likateleza, likagonga ukuta wa udongo. Nyati mwenyewe hakuguswa, alitutazama akaenda zake. Baba yako alibaki kitini na alama ya mkanda begani. Shangazi aling'oka jino. Babu yako alikuwa kichwa kwenye kioo, na shingo yake imelala vibaya.

Hospitali ya misheni walifanya walichoweza. Kuanzia shingoni kushuka chini hakujisikia tena. Watu wakaja kumwona, kila mmoja na maneno yake: ajali haina kinga, ni mipango ya Mungu. Nilitamani kuwafukuza kwa ufagio. Mungu anasingiziwa mengi katika nchi hii. Kinga ilikuwepo. Ilikuwa nyuma ya mgongo wa mzee, imechomekwa vizuri kabisa.

Mahindi yalipoanza kukauka shambani, babu yako akaagiza aitwe baba yako. Sisi tulidhani anataka kumlaani. Baba yako aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Fabiano, ulijua kile kidudu kinalilia nini?"

"Nilijua, mzee."

"Na ukakinyamazisha."

"Nilikuheshimu, mzee."

Babu yako akasema, "Uliniogopa. Ungeniheshimu, ungenifunga, nami ningekununia mpaka Karatu, nishuke na kinyongo changu na miguu yangu. Kidudu hakina mkwe, ndiyo maana kilisema kweli." Akanitafuta kwa macho, maana shingo haikugeuka. "Na huyu binti yangu alisema. Mlimcheka."

Hakuvuna mahindi yale. Tulimzika kabla.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi la mkuu tulilisikia, tukalitii, na aliyevunjika ni mkuu mwenyewe. Kwa hiyo shika hili, mwanangu. Mzee ni mtu, na mtu hukosea, na akikosea ndani ya gari lako, kosa ni lako wewe uliyeshika usukani. Mwambie taratibu, mwambie kwa adabu, mwite baba, mwite babu, lakini mwambie. Akikataa, zima gari, mkae hapo mpaka misa iishe. Kengele ikilia usiitafutie kichuma. Mtafutie mtu mkanda.

Kichuma chako usikitafute. Nimekitumbukiza chooni.

Kesho unanipeleka kliniki, nami nitakaa mbele. Mkanda unanibana kifua, kwa hiyo nitanung'unika, nitakukumbusha nani alikuzaa, na pengine nitakuita mtoto asiye na adabu. Usiwashe gari mpaka nifunge.

Mungu wa wazee wetu aende nawe ukipanda na ukishuka, akuondolee nyati na ukungu njiani, akupe mdomo usioogopa mvi. Na wazee wote utakaowabeba, wanangu wote mnaoshika usukani, Mungu awafikishe kwao wamenuna, lakini washuke kwa miguu yao.