Alama za Korosho

Msimu wa korosho, mwaka uliofuata baada ya watu wa mashamba ya Miteja kuhamia kijiji kipya, mama mmoja alimleta mke wa mwanawe kwenye zahanati yetu, amemfunika kanga kichwa kizima. Mtoto mchanga alibebwa na huyo mama mkwe, si na mama yake. Hilo ndilo nililoliona kwanza.

Nilikuwa muuguzi mgeni, nimetoka chuoni juzi tu, gauni langu jeupe halijakubali bado vumbi jekundu la huko. Mama mkwe hakutaka kuketi. Alisema ni ukoma: midomo imevimba, sikio limenenepa, pua imeziba, na shavuni kuna mabaka. Kwenye shamba la ujamaa wanawake walikuwa wamekataa kunywa maji kwa kata moja na mkwewe. Zamani, kila ukoo ulipokaa shambani kwake, mgonjwa wa namna hiyo angejengewa kibanda mbali na watu, maneno yakaishia huko. Sasa nyumba zilipangwa mstari, kila mlango ukiutazama mwingine. Alitaka neno moja tu kutoka kwangu. Nikisema ndiyo, mwanamke angerudishwa kwao Pande, na mtoto angebaki.

"Neno langu litakuja nikimaliza kumwangalia," nilimwambia. "Kabla ya hapo sina."

Nikaburuta kigoda mpaka mlangoni, kwenye mwanga. Chuoni tulifundishwa kwamba macho hutangulia, mikono hufuata. Nikaifunua ile kanga. Mabaka ya shavuni yalikuwa meusi, yanabambuka pembeni, na chini yake ngozi changa ilikuwa inachungulia. Nikasokota pamba mpaka ncha yake ikawa nyembamba, nikamwambia afumbe macho na aoneshe kwa kidole kila ninapomgusa. Kidole chake hakikukosea hata mara moja. Ndewe ya sikio ilikuwa imevimba kuzunguka tundu la hereni, lakini nilipoibonyeza alishtuka kwa maumivu. Ngozi ya ukoma huanza kwa kusahau. Hii ilikumbuka kupita kiasi. Puani nilimulika tochi, sikuona damu wala gamba, mafua tu ya mtu aliyeinamia moshi.

Nilipofika kinywani, alikataa. Aliubana mdomo na kuuziba kwa upindo wa kanga. Nikamwomba mama mkwe amtembeze mtoto nje kidogo, nikangoja. Nilikuwa tayari kungoja mpaka jua lizame.

Alipofungua hatimaye, niliona kidonda cheusi nyuma ya mdomo, karibu na chonge, na ufizi ulioungua. Weusi ule niliufahamu. Kijiji kizima kilikuwa nao vidoleni.

"Umebangua korosho kwa meno?"

Alilia bila sauti, kisha akanieleza. Maziwa yalikuwa yanamkauka kwa njaa. Aliokota korosho chache kwenye lundo la shamba la ujamaa, akazichoma haraka haraka moshi usije ukaonekana, akazipasua kwa meno mafuta ya ganda yakiwa bado mabichi. Kwa vidole vile vile akajifuta shavu na kugeuza hereni. Watu walipoanza kunong'ona ukoma, alinyamaza. Aliona afadhali aitwe mgonjwa kuliko mwizi wa mali ya kijiji.

Ningeweza kumwachia pale. Lakini nilikuwa nimeona uso tu, na baka la ukoma lingeweza kujificha mgongoni au kiunoni. Nisingeapa juu ya ngozi nisiyoiona. Niliposema avue, mama mkwe, aliyekwisha kurudi, akaenda kumwita somo wa mkwewe, bibi aliyemfunda unyagoni, naye mtu wa Pande aliyeolewa huku.

Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanipima kuanzia viatu.

"Umechezwa unyago, mwanangu?"

"Sijachezwa, bibi."

"Basi kiuno hiki hukioni. Hata uwe na cheti kikubwa kama mlango."

"Basi macho yawe yako," nikasema. "Mimi nitakaa upande wa pili wa kanga, nitakuwa nakuuliza. Lakini kwanza nikufundishe."

Hilo lilimchekesha, akakubali. Akaketi, akafumba macho, akanipa mkono. Nikagusa kiganja, akasema hapo. Nikagusa kifundo, akasema hapo. Juu zaidi, karibu na kiwiko, palikuwa na duara la ngozi iliyopauka, kavu, lisilo na unyoya. Nikagusa. Kimya. Nikagusa tena.

"Nesi, mbona unachelewa?" akauliza.

Nikamwuliza alama ile ni ya nini. Ya korosho, akajibu, kila mtu anazo. Yake anayo tangu kabla ya kuhama. Nikapapasa nyuma ya kiwiko chake. Mshipa wa fahamu ulikuwa mnene kama kamba. Alipofumbua macho aliiona pamba yangu imelala juu ya mkono wake, na hakuhitaji kuambiwa.

Nilidhani ataondoka. Aliichukua ile pamba.

"Nionyeshe vizuri," alisema. "Nimalize kwanza ya mwanangu."

Tukafunga kanga dirishani, mama mkwe akashika ncha ya pili. Nyuma yake nilimsikia bibi akiuliza hapa, na hapa, na sauti changa ikijibu nasikia, somo, nasikia. Nilimtuma kila mahali, mabegani, uti wa mgongo, nyuma ya magoti. Hapakuwa na baka.

Nikampa mama mkwe neno lake: mkwewe hana ukoma, ameungua kwa mafuta ya ganda la korosho. Akautazama ule mdomo, akaanza kuelewa, na uso ukamkunjamana. Bibi akamwahi.

"Anayenyonyesha ana njaa ya watu wawili. Ulitaka mwenzio aitwe mkoma kwa ajili ya korosho?"

Mama mkwe akamfungua mtoto mgongoni, akampa mama yake.

"Ila ukoma umo humu," bibi akaendelea, akakunja mkono wa gauni. "Ni huu. Mkono huu ndio uliowacheza binti zako. Nifukuze mimi."

Nikawaeleza kuhusu vidonge: mgonjwa akianza kumeza, maradhi huacha kuambukiza, vitamezwa kwa miaka, na hakuna wa kuhama. Ila wote walioishi naye karibu lazima waangaliwe, ngozi, masikio, pua na mdomo.

Mama mkwe aliutazama ule mkono.

"Miaka," akasema. "Na huyu husahau hata chumvi kwenye mchuzi. Itabidi niwe napita kwake kila asubuhi."

Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele ya bibi, akafumba macho.

"Anza, somo. Na usinitekenye."