Oili ya Stiaringi ya Mwalimu Wawira

Wacha niseme mapema kwamba katika mkasa huu mwizi ni mimi, msije mkaanza kunihurumia halafu mkifika katikati mkajilaumu. Sikuiba kwa panga, niliiba kwa kalamu, nikiwa nimevaa tai na kuketi kwenye meza ya kupokea magari ya servisi katika shorumu moja pale Makutano, Meru (jina la shorumu sitaji, hata mkiniuliza mara ngapi), na siku niliyoshikwa nilishikwa mbele ya watu ambao mpaka leo nikiwaona mjini navuka barabara.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mwenye gari analeta gari, mimi nalizunguka mara moja, naandika kwenye karatasi kinachohitaji kutengenezwa, nampa mwenyewe nakala, mafundi wanachukua karatasi wanaingia kazini. Shida ni kwamba meneja wetu hakutaka kuona gari lililobadilishwa oili na filta tu. "Murithi, tafuta vitu vitatu," alikuwa ananiambia. "Gari lolote lina vitu vitatu." Ofisini kwake kulikuwa na ubao wenye majina yetu, nani ameuza nini wiki hiyo, na jina langu lilikuwa limekaa chini muda mrefu kiasi kwamba hata mama wa chai alikuwa ameanza kunihurumia. Mara ya kwanza kumwambia mtu pedi zake za breki zimekwisha na mimi sijafungua gurudumu, nilitokwa na jasho. Mwaka wa pili sikuwa nasikia chochote. Ila nilikuwa nafika nyumbani nimechoka kama mtu aliyechimba mtaro, na siku nzima sijainua hata spana, mpaka mke wangu akawa ananiuliza ni kazi gani hiyo ya kalamu inayovunja mgongo.

Sasa siku hiyo, Jumatano ya manyunyu, akaja Mwalimu Wawira. Ni mwalimu mstaafu kutoka Kianjokoma, Embu, mama wa miaka kama sitini na kitu, amejifunga kitambaa kichwani na ameendesha peke yake mpaka Meru. Kigari chake, kidogo cheupe, watoto wake walimnunulia hapo kwetu, na yeye aliamini kwamba wanaoliuza gari ndio wanaolijua. Aliniambia mwenyewe, kabla hata hajaketi, kwamba mume wake, Mzee Njeru, amefanyiwa upasuaji wa nyonga hospitalini Nkubu na leo anatoka, wanamngoja saa kumi, kwa hivyo yeye amempita kwanza akaja juu huku ili gari likaguliwe.

"Mwanangu, ile barabara ya kurudi Embu ina kona," akasema. "Sitaki kumrusharusha na hicho kidonda. Nataka akae kwa gari ambalo najua ni zima."

Nililizunguka lile gari. Lilikuwa safi kama kikombe. Magurudumu mazuri, taa zote zinawaka, hakuna tone la oili chini. Nikaandika pedi za breki. Nikaandika filta ya hewa. Nikabaki na kitu cha tatu, na hapo nikiwa nimesimama na kalamu mdomoni ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulioniangamiza: nikaandika oili ya stiaringi. Boneti sikufungua. Ningefungua, hata mimi na ujinga wangu ningeona.

"Stiaringi iko na shida?" Mwalimu akauliza. "Mimi naona iko laini tu."

"Ndivyo huwa, Mwalimu. Huwa laini kabla ya kuharibika. Unaweza kufika kwa kona ikakwama." (Maneno hayo niliyatoa wapi, mimi sijui.)

Akaweka mkono kifuani. Halafu akawageukia watu waliokuwa kwenye viti vya kungojea, kama watu wanane hivi, akawaambia, "Mnaona? Hawa ndio watoto wa kuombewa. Huyu angeniacha nijiendee tu." Akanishika mkono, akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa ajili yangu pale pale, kwa sauti, kwa jina langu alilolisoma kwenye kibandiko cha shati. Na mimi nikafumba macho. Nikasema amina. Ningefanya nini?

Kama mambo yangeishia hapo nisingekuwa nawasimulia. Lakini mwalimu hastaafu. Alifungua mkoba, akatoa daftari na kalamu, akasema, "Sasa nionyeshe mahali inawekwa, nijifunze kuiangalia mwenyewe nyumbani."

Ningemwambia hiyo ni kazi ya fundi. Nilikuwa hata nimefungua mdomo, lakini Bwana Salim, mfanyabiashara wa Maua ambaye husafirisha miraa na alikuwa ameleta pikapu yake, akasimama na kusema hata yeye anataka kuona, na wengine wakasimama, na mimi kwa kuwa nilikuwa nimetoka kuombewa nikajiona mtu mkubwa. Nikaenda stoo nikachukua chupa ya oili nyekundu ya stiaringi. Nikafungua boneti mbele ya darasa zima.

Nikatafuta kile kichupa cha stiaringi. Nikatafuta upande wa kulia, nikatafuta upande wa kushoto, nikainama, nikajikohoza, nikamwambia mama mmoja asogee nipate mwanga. Hakikuwepo. Na bado ningeweza kusema, samahani Mwalimu, nimekosea, gari hili halina, na tungecheka kidogo yaishe. Neno moja tu. Badala yake nikaona kichupa fulani upande wa dereva, kina kifuniko cheusi, na ndani kimepungua kidogo, nikasema, "Ndiyo hii." Juu ya kifuniko kulikuwa na maandishi. Niliyasoma baadaye.

Nikamwaga mpaka kikajaa. Mwalimu alikuwa anaandika: kifuniko cheusi, upande wa dereva. Nikamwambia aingie awashe gari, azungushe usukani kulia na kushoto ili oili itembee, kama nilivyokuwa nimewaona mafundi wakifanya kwa magari mengine. Akaingia, na kwa vile yeye ni mtu wa kufuata alivyofundishwa, kabla ya kuwasha akakanyaga breki mara tatu, nne, tano. Akawasha. Akazungusha.

Ndipo akatokea Karimi, fundi wetu wa breki, dada mmoja mpole ambaye kwa miaka hiyo yote sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Akaitazama chupa mkononi mwangu.

"Murithi, hiyo umemwaga wapi?"

"Kwa stiaringi."

"Stiaringi gani? Hii gari stiaringi yake ni ya mota ya umeme. Haina oili." Akainama akaangalia, na nikaona uso wake ukibadilika. "Ngai! Mwalimu, toa mguu kwa breki! Zima gari, usikanyage kitu!"

Karimi akaeleza, hakuwa ananisema mimi, alikuwa anamweleza mwenye gari. Akasema kwamba kile kichupa ni cha mafuta ya breki, na ile oili ni adui wa mipira ya breki, kwamba mipira itavimba na kulegea, kwamba gari lingetoka hapo likiwa sawa na pengine lingefika mbali kabla breki hazijakataa. Sasa lazima kufunguliwe kila kitu, kuanzia pampu ya breki mpaka magurudumu yote manne, na vipuri vitoke Nairobi. Siku tatu, labda nne.

"Kwa hivyo," Bwana Salim akasema polepole, "ajali uliyomtishia nayo, ndiyo hiyo ulikuwa unaitengeneza."

Mwalimu Wawira alikuwa bado ameketi nyuma ya usukani, daftari mapajani. Hakupiga kelele. Akaniuliza kwa sauti ile ya kumuuliza mtoto kazi ya nyumbani.

"Pedi za breki, uliziona?"

Nikaitazama kalamu yangu.

"Ulifungua gurudumu hata moja?"

"Hapana, Mwalimu."

"Na hiyo filta?"

Wacha niwaambie, hapo ndipo kila mtu alipotoa karatasi yake mfukoni. Salim akataka kujua habari ya shokabsoba zake. Mama mmoja akataka kujua habari ya betri. Wakamchukua Karimi, wakaenda gari kwa gari, na mimi nikalazimishwa kufuata nyuma nimeshika kalamu, nikimsikia akisema: hii ni nzima, hii ni nzima, hii bado ina mwaka. Meneja akatoka ofisini na tabasamu lake, akasikiliza, akawaambia wateja kwamba hayo ni makosa ya mfanyakazi mmoja na yatashughulikiwa, akanitazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza ananiona. Nilitaka kumkumbusha vitu vyake vitatu. Lakini mwandiko kwenye zile karatasi zote ulikuwa wangu.

Saa tisa ilikuwa imepita. Meneja alisema gari la kuazima halipo mpaka kesho. Bwana Salim akamwambia Mwalimu apande pikapu yake, atampeleka Nkubu na kisha Kianjokoma, na wala asimwambie habari ya malipo. Mwalimu akapanda mbele. Halafu akashusha kioo akaninyooshea kidole.

"Na huyu anakuja. Mzee ni mtu mzito, atahitaji kuinuliwa."

Nikapanda nyuma, juu ya magunia matupu ya miraa, na tai yangu, kwenye manyunyu. Tulipita Makutano polepole kwa sababu ya malori, na kila aliyenijua alikuwa kando ya barabara siku hiyo. Mmoja akapaza sauti, "Murithi, umeuzwa?"

Mzee Njeru tulimkuta mlangoni mwa wodi, kwenye kiti cha magurudumu, amevaa koti na kofia, tayari. Ni mtu mrefu, mabega mapana, ila ugonjwa ulikuwa umemla usoni. Akamsalimia mke wake, akatazama nje.

"Gari iko wapi?"

"Huyu atakueleza," Mwalimu akasema, akaenda kuchukua dawa.

Nikamweleza. Nilianza kwa kuzungukazunguka, ati kulikuwa na kosa la chupa, ati magari ya siku hizi yanafanana, mpaka nikachoka na maneno yangu mwenyewe nikamwambia yote, na ubao, na vitu vitatu, na maombi. Alinisikiliza akitazama mikono yake.

"Alikuambia mimi niko hapa," akauliza, "kabla uandike au baada?"

"Kabla, Mzee."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu. Halafu akaniwekea mkono begani, kwa sababu hakukuwa na bega lingine, akaanza kusimama, uzito wake wote juu yangu. "Nishike upande huu," akasema. "Huo mwingine ndio unauma." Tulitembea hivyo mpaka kwenye pikapu, hatua kwa hatua, na hajaniambia neno lingine mpaka leo.

Gari lao lilitengenezwa kwa gharama ya shorumu, Karimi alihakikisha. Mimi niliandika barua ya kuacha kazi kabla sijaandikiwa ya kufukuzwa, siku mbili tu kabla. Siku hizi natengeneza pikipiki hapa Nkubu, kazi niliyoanza kujifunza nikiwa na umri wa watu kuwa na wanafunzi wao, na niliapa sitamtajia mtu ubovu ambao jicho langu halijauona. Nimekishika kiapo hicho. Hakilishi vizuri. Juzi jamaa aliniletea pikipiki, nikaikagua saa nzima, nikamwambia haina kitu, aende nayo salama. Akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza kama kweli kazi hii naijua, kisha akaisukuma mpaka kwa jirani yangu, ambaye alimwonyesha vitu vitatu.