Mama Mbeti na Jiko la Maranda

Asubuhi hiyo Wayua alikuwa amepiga magoti mbele ya debe, anashindilia maranda kwa ngumi kuizunguka chupa tupu. Kisha akaichomoa chupa taratibu, likabaki tundu katikati, pa kupandia moto. Mumewe, Mativo, alikuwa ameketi kitandani anavaa viatu. Nyumba yao ya mtaa wa Mbotela ilikuwa chumba kimoja. Kitanda na jiko viliangaliana.

"Maranda yako mabichi, Baba Mbeti," Wayua alisema, akikohoa. "Huko mnachonga vinyago au mnachonga mvua?"

"Fungua dirisha basi."

"Nimfungulie askari?"

Ndiyo kesi yao ya kila siku. Wayua alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akawauzia mafundi wa Jogoo Road. Waliopikia nje walimwagiwa sufuria na askari wa jiji, kwa kuwa hawakuwa na leseni. Yeye aliziba dirisha kwa gunia, moshi usimchongee. Alianza hivyo binti yao Mbeti akiwa bado mgongoni. Mwaka huo wa themanini na sita Mbeti alikuwa ameshaolewa huko Kangundo, na gunia lilikuwa palepale.

Mativo alitaka jambo moja tu: mkewe atoke kwenye moshi angali na pumzi. Lakini yeye hakuwa mtu wa maneno, na Wayua alikuwa nayo ya watu wawili.

"Moshi hauharibu," alimwambia. "Kwetu mbegu za mahindi zinaning'inizwa juu ya meko, fukusi hawazigusi. Kibuyu cha maziwa tunakifukiza, maziwa yanakaa. Mimi nimefukizwa tangu nizaliwe. Utanichoka kabla sijaoza."

Mativo alicheka. Hata mama yake alifukiza kibuyu.

Mwaka uliotangulia Wayua alinunua kuku, akamlaza kwenye kreti chini ya kitanda. Vifaranga walipoanguliwa walikaa midomo wazi, wanakoroma kama wazee. Wawili wakafa. Kabla watu hawajaamka, Wayua alikuwa ameibeba kreti hadi kwa jirani yake, Waringa, aliyekuwa na kibanda uani.

"Moshi umewashinda," alisema.

Waringa akaangua kicheko. "Kuku amehama, mwenye nyumba amebaki! Na wewe nikutafutie kreti lini?"

"Hawa ni watoto. Mimi nina mapafu ya Kikamba."

Siku hiyo Mativo aling'oa gunia, akalitupa. Alipotoka kazini alilikuta dirishani, limeshonwa upya kwa uzi mwekundu, na chakula chake kimefunikwa vizuri mezani, nyama zote zimewekwa upande wake. Akala. Hakuligusa tena.

Asubuhi hiyo ya mwisho, basi, Wayua alimpa chai, akamnyoosha kola, akamfukuza kwa upawa asije akachelewa. Mpaka njiani Mativo alimsikia akikohoa, kisha akimtania Waringa, kisha akikohoa.

Mchana Otiende, fundi wa mikokoteni na mteja wa Wayua wa miaka mingi, alikuja mbio mpaka karakana alikochonga Mativo. Akasema Wayua ameketi chini, midomo imekuwa nyeusi, pumzi haishuki. Walimlaza kwenye mkokoteni wa Otiende, juu ya magunia, wakamsukuma hadi hospitali. Njia nzima Mativo alimshika mguu. Bado Wayua alikuwa na upawa mkononi.

Hakurudi Mbotela.

Baada ya mazishi daktari alimweleza Mativo polepole. Alisema moshi una vumbi laini kuliko unga, jicho halilioni. Pua hailizuii, kikohozi hakilitoi. Linashuka mpaka chini kabisa ya mapafu, lingine linaingia kwenye damu, na moyo unachoka kabla ya wakati wake. Ni hivyo kwa mtu, kwa kuku, kwa kila chenye pumzi. Linakula miaka ya mtu naye anajiona mzima. Mativo alisikiliza, akashukuru, akavaa kofia.

Lakini anachokisikia hadi leo ni cha siku ile ya kwanza wodini. Nesi mmoja, Truphena, aliweka chombo chake mgongoni mwa Wayua, akasikiliza, akatikisa kichwa, akamwuliza amevuta sigara kwa miaka mingapi. Wayua akajiinua kwa kiwiko. Akaitafuta pumzi mara mbili. Akamtazama yule msichana kwa macho yake ya utani, akasema:

"Sigara sijaionja, mwanangu. Mimi nimepika tu, na watu wakashiba."