Maji ya Nengo kwenye Kompyuta Nne

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilifanya kazi katika ofisi ya maji mjini Gisenyi, kazi ambayo hata mama yangu hakuwahi kuielewa. Tulikuwa na programu moja ya kuiga mwendo wa maji kwenye mabomba. Unaipa urefu wa milima, ukubwa wa matangi na nguvu za pampu, nayo inakuambia maji yatafika wapi na yataishia wapi. Programu hiyo ilikaa kwenye kompyuta moja kubwa chumbani kwangu, na kompyuta nyingine tatu za ofisi ziliifungua kutoka humo kwa waya.

Programu yenyewe haikutosha. Ilihitaji nyongeza: moja ya pampu, moja ya msuguano wa maji ndani ya bomba, moja ya kuchora ramani. Zilitufikia kwa basi kutoka Kigali, kwenye disketi zilizofungwa kwa bahasha, wiki ambazo barabara ilikuwa wazi. Mimi ndiye niliyeziweka, niliyezitoa, na niliyeulizwa zilipokataa. Hakuna aliyewahi kuja mezani kwangu kuniambia kwamba leo kila kitu kimekwenda sawa.

Nilikuwa nimechoka tayari kabla ya haya kutokea. Sote tulikuwa tumechoka. Usiku tulisikia milio ya risasi kutoka milimani, asubuhi tukafika kazini na macho mekundu, tukasalimiana, tukawasha mashine.

Wahandisi walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mzee aliyerudi kutoka Uganda, mtu wa maneno machache. Wa pili alikuwa binti wa mjini hapahapa, mama yake akiishi Goma. Kila Jumamosi alivuka mpaka kwenda kumwona, na Jumatatu alirudi na Kiswahili kilichokolea zaidi. Binti huyo alikuwa akishughulikia mpango wa kupeleka maji Nengo ya juu, mtaa ulioko mlimani. Alikuwa ameufanyia kazi tangu mvua za vuli, na kompyuta ilikuwa imemkubalia: maji yanafika.

Siku moja mzee alirudi kutoka Kampala na sidii yenye nyongeza mpya ya pampu. Nilimwomba anipe siku chache niijaribu kwanza pembeni, kwenye mashine moja. Akaenda kwa mkuu wetu, na mkuu akanijia mwenyewe.

"Wageni wa mradi wanakuja kesho," akasema. "Iweke leo, wote waitumie."

Nikaiweka. Mzee akafungua pampu zake kwenye kompyuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda nyumbani.

Asubuhi yake binti aliniita kabla sijaweka mkoba chini.

"Dada, kuya uone. Jana maji ilikuwa inafika Nengo juu. Leo inakomea njiani. Nani alisogeza mulima?"

"Hakuna aliyegusa kazi yako."

"Basi iko nini? Mi sikubadirisha kitu."

Nilikaa naye, tukapitia kila bomba na kila tangi. Hakuna kilichobadilika. Nikarudi chumbani kwangu, nikaanza kulinganisha mafaili, moja baada ya jingine, mpaka nikalipata lililobadilika. Nyongeza mpya ilikuja na hesabu yake ya msuguano, nayo ilikuwa imeifuta ile ya zamani bila kuuliza mtu. Kwa kuwa folda ilikuwa ya wote, kila aliyefungua programu alitumia hesabu mpya, atake asitake.

Nikairudisha ya zamani. Maji ya binti yakapanda tena hadi Nengo. Lakini nyongeza ya mzee haikufanya kazi bila hesabu yake mpya, na baada ya dakika chache alikuwa mlangoni.

"Pampu zangu hazifunguki."

"Najua, mzee."

"Jana zilifunguka."

"Najua."

Siku nzima ilikwenda hivyo; hata wageni wa mradi hawakufika, barabara ilikuwa imefungwa. Nikiweka mpya, binti anakuja; nikiweka ya zamani, mzee anakuja. Sikuwalaumu, kila mmoja alikuwa na haki yake. Nikaamua kutenganisha: folda mbili, programu mbili kamili, kila mtu na yake. Diski haikutosha. Nikahamishia ramani za zamani kwenye disketi, moja baada ya moja, na nilipokaribia kumaliza umeme ukakatika. Nikabaki nimekaa mbele ya kioo cheusi, nikisikiliza wafanyabiashara wakipita nje na mizigo yao kuelekea mpakani. Sikuwa na hasira. Nilitamani tu kulaza kichwa mezani.

Folda mbili zilipokamilika, wote wawili walipeleka majibu yao kwa mkuu. Mkuu akaniita.

"Huyu anasema maji yanafika, huyu anasema hayafiki. Programu ni ileile. Bon, ipi inasema kweli?"

"Mimi sijui," nikamwambia. "Na kompyuta haijawahi kufika Nengo. Twende tukapime."

Tulipanda na gari la ofisi, mimi, binti, mzee na dereva. Askari njiani alikishika kipimo cha presha, akakigeuzageuza, akaturudishia. Bomba la mwisho lenye maji lilikuwa kwenye ua wa nyumba moja katikati ya mlima. Binti alikifunga kipimo mwenyewe, akafungua koki. Mshale ulipanda kidogo, ukasimama chini sana ya pale alipokuwa amehesabu. Akafunga, akafungua tena. Ukasimama palepale.

Hesabu ya zamani ilichukulia kwamba mabomba ni mapya, laini ndani. Mabomba ya mji ule yalikuwa yamekaa ardhini miaka mingi, na yalikuwa yamejaa kutu.

Tukarudi garini. Binti akasema, akiangalia ziwa kule chini, "Miezi yote ile, mi nilikuwa nanywesha watu maji ya kompyuta."

Mzee, aliyekuwa amekaa mbele, aligeuka. Nilidhani atajisifu. Akasema, "Mpango wako ni mzuri. Unataka pampu kubwa tu. Kesho tutaitafuta pamoja."

Kesho yake kweli alibeba kiti chake, akakiweka kando ya meza ya binti, na wakafanya kazi hivyo kwa wiki kadhaa, yeye akimwelekeza kwenye pampu, binti akimsahihisha Kiswahili. Pampu kubwa ilikubaliwa. Msimu uliofuata maji yalifika Nengo ya juu, nikaambiwa watu walipiga vigelegele na mkuu akahutubia.

Mimi sikwenda. Ripoti zote za zamani zilifunguka kwa hesabu ya zamani tu, na mkuu hakutaka zipotee, kwa hiyo nilibaki na folda zote mbili, na baadaye tatu. Siku ile ya vigelegele nilikuwa chumbani kwangu nikifungua bahasha nyingine kutoka Kigali. Jioni nilitembea hadi nyumbani, nikaketi kitandani, nikasinzia kabla sijavua viatu.