Fundi Maswali na Kufuli la Nje

Siku hizi ukimpelekea ufunguo akuchongee wa pili, atakuuliza mpaka utamani kurudi nyumbani. Ni wa mlango gani? Mwenye nyumba anajua? Mbona hakuja mwenyewe? Watu wanamcheka, wanamwita Fundi Maswali. Mimi sicheki. Jina hilo lilizaliwa mlangoni kwangu.

Zamani alikuwa haulizi. Alikaa kwenye ngazi za jengo la maduka na mashine yake, mtu mrefu, mpole, miwani imefungwa kwa waya. Unampa ufunguo mmoja, anakurudishia miwili. Fundi wa namna hiyo ndiye aliyemfaa mume wangu wa zamani.

Huyo bwana nilimpikia na kumfulia miaka kumi na tisa, akahamia kwa mwanamke mwingine. Kuondoka ningemsamehe. Kilichonichoma ni kurudi. Alikuwa akija mchana, nikiwa kwa dobi napiga pasi mashuka ya watu, na kila akija kitu kinaota miguu: leo redio, kesho cherehani yangu. Nilibadilisha kitasa, bure. Aliyekuwa akimfungulia ni mama yangu mzazi. Mama kumbukumbu zimemkimbia. Jina langu husahau, lakini yule kwake bado ni mkwe mwema.

Basi nikanunua kufuli, nikawa namfungia mama kwa nje kila asubuhi. Nilikuwa nalia njiani, lakini nilifunga.

Siku moja nikarudi nikakuta kufuli liko wazi, ufunguo umesahauliwa humo humo, na pasi yangu haipo. Ufunguo wangu wa akiba ulikuwa msumarini pale pale, jikoni. Nikamwita fundi aje aniwekee kufuli jingine.

Alisimama mlangoni akalitazama. "Dada, ukilifunga hili, ndani anabaki nani?"

"Mama yangu."

"Na moto ukiwaka?"

"Fundi, nimekuita ubadilishe kufuli, sikukuita kunihubiria. Shika, huu ndio ufunguo wa mwizi wangu."

Akaugeuza kiganjani. Kichwani ulikuwa na vitone viwili vilivyotobolewa. Akavua miwani.

"Huu nimeuchonga mimi, vitone hivi ndiyo alama yangu. Alikuja bwana mmoja, akasema mama mkwe wake mgonjwa kampa ufunguo dirishani, anataka wa pili apate kuja kumwangalia, ule wa kwanza amrudishie. Sikumuuliza neno. Nisamehe, dada."

Nilisubiri visingizio, maana wanaume huwa navyo gunia zima. Havikuja. Na hilo neno, nisamehe, katika ile miaka yote hakuna aliyekuwa ameniambia. Nikakosa pa kulitia.

"Msamaha haufungi mlango," nikamjibu.

"Najua. Mlango nitaufunga mimi."

Jumapili akaja na boksi. Akaweka kitasa ambacho kwa ndani kinafunguka bila ufunguo, ili mama aweze kutoka hata kama jiko limeshika moto. Akabandika sumaku mlangoni, mlango ukifunguliwa simu yangu inalia. Nje akafunga kengele yenye kamera: mtu akibonyeza namwona kwenye simu nikiwa kazini, na nikisema, sauti yangu inatokea ndani na nje. Mwisho king'ora, kwa atakayelazimisha.

"Sasa," akasema, "mama anamsikiliza nani?"

"Hamsikilizi mtu."

Akakaa na mama, wakanywa chai, akaanza maswali yake. Bibi, ulikuwa unafanya kazi gani? Mama akachanua. Alikuwa bawabu wa wodi hospitalini, kazi yake kuzuia wageni kabla ya saa. "Daktari mwenyewe aliniomba ruhusa!" Fundi akacheka, akanifuata jikoni. "Usimwambie asifungue. Mwambie saa ya wageni bado."

Jumatano, saa nne asubuhi, simu ikalia mfukoni. Nikaona uso ule, nywele zimepakwa weusi, gunia kwapani. "Mama mkwe, ni mimi mwanao, nifungulie."

Nikasikia ndala za mama zikija. Nikaiacha pasi juu ya shuka, nikaishika simu kwa mikono miwili. Akifungua tu, kila kitu ni bure, nitarudia kumfungia mama yangu kama kuku.

"Mama! Saa ya wageni bado!"

Ndala zikasimama. Kisha ikatoka sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka mingi.

"Wewe kijana, umesikia? Saa ya wageni bado! Kaa kwenye benchi!"

"Mama, ni mkweo..."

"Hata ungekuwa daktari! Njoo saa kumi!"

"Na mimi nakuona," nikasema. "Wewe na gunia lako."

Aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akajikaza, akausukuma mlango kwa bega, king'ora kikapiga mtaa mzima. Jirani yangu akatoka na ndoo mkononi. "Ehe, shemeji! Umebakiza kuchukua mlango?" Akaondoka mbio, gunia akaliacha.

Shuka la mteja liliungua, alama ya pasi katikati. Tajiri wangu alifoka. Wenzangu walicheka mpaka wakaegemea meza, nami nikacheka nao. Nilikuwa nimesahau nilivyo nikicheka.

Tangu hapo hajarudi. Kufuli nilimpa fundi, amelitundika juu ya mashine yake, na anayeuliza bei huambiwa haliuzwi. Mama hushinda kwenye kiti karibu na mlango, mgongo umenyooka, ana kazi.

Wiki iliyopita fundi alikuja kubadilisha betri ya kengele. Simu ikalia, nikamsikia mama akimwambia saa ya wageni bado. Ilikuwa saa nane. Ningeweza kumwombea ruhusa, nikajikuta nimenyamaza nisikie atajibuje.

"Sawa, bibi," akasema.

Niliporudi nilimkuta kwenye ngazi za mlangoni kwangu, boksi la vifaa magotini, anangoja saa kumi.