Siku Niliyomtoa Mama Nyumbani

Kaka yangu alinipigia simu nikiwa kwangu Handeni, akaniomba nije nyumbani Kilole, mjini Korogwe, kesho yake nimtembeze mama. Gari lake lingekuwa tayari na mafuta, kazi yangu kushika usukani tu.

"Mpeleke kwao Bungu," alisema. "Kuna ule msitu mdogo wa serikali wenye maporomoko, siku hizi wanaruhusu wageni. Amechoka kukaa Kilole anatazama ukuta."

Nilifurahi. Kaka si mtu wa kutoa gari lake.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mama na kaka hawakuelewana juu yake: jiko. Lilikuwa banda la udongo nyuma ya nyumba, ambalo marehemu baba alilijenga kwa mikono yake. Mama alipikia humo kwa kuni, na mbegu yake ya mahindi ilining'inia juu ya moto ili moshi ufukuze wadudu. Kaka alitaka kulibomoa kwa sababu mama anakohoa. Mama alimjibu mbele yetu sote: "Utalibomoa nikishazikwa. Kabla ya hapo usiliguse." Kaka akacheka, akasema basi, yamekwisha.

Asubuhi mama alivaa kanga mpya. Kabla ya kupanda gari alirudi jikoni kufukia makaa kwenye majivu, ili akirudi akute moto.

"Mama, nendeni, jua litawakuta njiani," kaka alimhimiza.

"Kwani nafukuzwa?"

Hifadhi yenyewe haina mambo mengi. Bango limeliwa na kutu, benchi limebaki na ubao mmoja, choo ni cha mabati na hakina mlango. Kijia cha kwenda kwenye maji kimefyekwa kwa panga. Askari wa msitu, kijana wa Kizigua, alikuwa peke yake, na nadhani siku ile hakupata wageni wengine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Zamani askari walinikimbiza humu kwa ajili ya kuni. Leo unanikaribisha?"

"Karibu, ila nyie Wasambaa nawajua. Wakati wa kutoka nitakagua hiyo kanga."

"Mzigua na msitu wapi na wapi? Wa kwenu si mmeumaliza kwa mkaa!"

Kijana alicheka mpaka akashika bango.

Maporomoko yalikuwa na maji kidogo. Mama alivua viatu, akaingiza miguu, kisha akanionyesha mteremko juu ya kijito. "Mafiga yangu yalitoka pale. Hayakutoka majini, jiwe la mtoni likipata moto hupasuka. Nilipoolewa, bibi yako na dada zake wawili waliyashusha hadi Korogwe, kila mmoja na jiwe lake kichwani. Nimehama nyumba, mafiga ni yale yale."

"Kumbe ni nyie mliotumalizia mawe," askari alisema nyuma yetu.

"Njoo Kilole uyadai. Utayakuta na sufuria ya ugali juu yake."

Kaka alikuwa amepiga simu tulipofika getini, kuuliza tuko wapi. Akapiga tena mama alipokuwa akiswali adhuhuri kando ya benchi. Nilisikia bati likianguka upande wake.

"Mnajenga?"

"Jirani huyo. Mmeanza kushuka?"

"Bado."

"Msiharakishe. Mpitishe Bungu kijijini anywe chai, awasalimie ndugu zake."

Nikafanya hivyo. Mimi ni mtu wa kuuliza mambo hadi watu wanachoka, lakini siku ile niliona kaka anamjali mama, nikaridhika.

Tuliporudi, nyuma ya nyumba palikuwa peupe. Ardhi ilikuwa imesawazishwa na kumwagiwa maji ili vumbi litulie. Barazani, juu ya meza mpya, kulikuwa na jiko la gesi. Kaka alisimama kando yake akitabasamu.

Mama hakulitazama. Alikwenda hadi mahali pa moto, akachokonoa udongo kwa kidole cha mguu.

"Mafiga yako wapi?"

"Mama, yale ni mawe tu. Yameondoka na kifusi."

"Kifusi kimekwenda wapi?"

"Lori la watu, sijui wamemwaga wapi. Mbegu yako ipo ndani, kwenye gunia."

Mama akanigeukia. Kabla sijafungua mdomo, kaka aliwahi: "Tulipanga pamoja, mama. Yeye ndiye aliyejitolea kukutoa." Alisema kwa upole, kama mtu anayenigawia sifa.

"Si kweli," nilisema. "Mama, sikujua."

"Zile simu alikuwa anauliza nini?"

"Tuko wapi."

"Na wewe ukawa unamwambia."

Nikaitikia. Aliingia ndani, akavua kanga mpya, akaikunja.

Kaka hajawahi kukiri kwamba alinidanganya. Akibanwa husema mama hakohoi tena, na ni kweli hakohoi. Mama hupikia gesi. Mimi ananiandalia chai kama mgeni, kwenye kikombe chenye kisahani.

Mwezi uliopita palikuwa na harusi Bungu. Nilikuja na gari nimchukue. Alisimama mlangoni, funguo mkononi, akatazama gari, akanitazama.

"Safari hii mnabomoa nini?"

Nilimwambia hakuna. Alifunga mlango, akaujaribu tena kwa bega, akaenda kupanda basi.